Nyumba ya Mbao Milimani na Umri wa Mti

Barabara itokayo Mombo, penye joto na mashamba ya mkonge, hupanda kwa kona nyingi hadi Lushoto, mji ulioko kwenye kimo cha meta 1,400 hivi katika Milima ya Usambara Magharibi. Kwa kila meta 1,000 apandazo msafiri, hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi, na kwa sababu hiyo mahali hapa pamewavuta watu wanaotaka kupumzika tangu zamani. Wajerumani, waliopaita Wilhelmstal, walikimbilia huku wakikwepa joto la pwani. Siku hizi wageni wa mataifa mengi, pamoja na Watanzania wenyewe, hupanda kutafuta baridi, ukimya na vijia vya kutembea msituni. Wageni hawa huhitaji mahali pa kulala, na jengo linalokuja akilini kwanza, mtu atazamapo mteremko wenye miti, ni kibanda cha mbao.

Je, kibanda hicho ni rafiki wa msitu, au ni mlaji wake mwingine? Swali hili si la porojo. Misitu ya asili ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, nayo ina mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani. Ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, ambalo leo hukuzwa katika vyungu vya madirishani ulimwenguni kote, lilipata jina lake kwa Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyelipeleka Ulaya kutoka sehemu hizi za Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Msitu wa namna hii ukikatwa, haupandwi tena ukarudi kama ulivyokuwa.

Wapendao nyumba za mbao wana hoja yao, nayo ni ya kweli. Mti unapokua huvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani kwa njia ya usanisinuru, na karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Tuchukue mfano wa kibanda cha meta 6 kwa 4, kinachotumia meta za ujazo 4 za mbao za msindano, mti ambao mafundi wengi huuita paina. Meta moja ya ujazo ya msindano mkavu ina uzito wa kilo 450 hivi. Kwa hiyo mbao zote zina uzito wa kilo 1,800, na ndani yake mna kilo 900 za kaboni. Hizo ni sawa na kilo 3,300 za kaboni dayoksaidi iliyoondolewa hewani na kufungiwa ukutani. Saruji na bati haziwezi kudai sifa hiyo, kwa kuwa kuzitengeneza huhitaji moto mkali na makaa mengi.

Lakini kaboni hiyo imefungwa kwa muda tu. Ubao ukioza au ukiungua, kaboni yote hurudi hewani. Msindano katika mashamba ya Serikali, kama lile la Shume wilayani Lushoto au la Sao Hill huko Mufindi, huvunwa ukiwa na umri wa miaka 18 hadi 25. Tuseme basi kwamba kibanda chetu kimeoza baada ya miaka 8. Mwenye nyumba atakata miti mingine kabla ile iliyopandwa badala ya ya kwanza haijafika kifuani mwa umri wake. Akirudia hivyo mara tatu, shamba limeliwa mara tatu na limejijaza mara moja. Kanuni inayotokana na hesabu hii ni fupi: nyumba ya mbao huwa na manufaa kwa mazingira iwapo tu itadumu muda mrefu kuliko ule unaohitajiwa na mti kukua. Kibanda kisichofikisha miaka 25 ni deni, hata kiwe kizuri namna gani katika picha.

Hapa ndipo penye fumbo. Miti yetu ya asili iliyo imara, kama vile mtarakwa, mvule na mkulo, ina moyo wenye mafuta na kemikali zinazowakinza mchwa na kuvu. Msindano hauna kinga hiyo. Kwa hiyo mtu anayetaka kuuepusha msitu wa asili hana budi kutumia mbao dhaifu zaidi, na kuzifanya ziishi miaka mingi kwa ufundi wa kuchora nyumba badala ya nguvu za mti wenyewe.

Jambo hilo lawezekana, kwa sababu mbao hazifi kwa uzee. Mwaka 1954 ilifukuliwa kando ya piramidi kubwa ya Giza, nchini Misri, jahazi la Farao Khufu lililojengwa kwa mierezi yapata miaka 4,500 iliyopita. Lilikuwa limefungiwa katika shimo kavu, na mbao zake zilikuwa nzima kiasi kwamba mafundi waliweza kuliunga upya. Kwa upande mwingine, majumba ya Venice yamesimama kwa karne nyingi juu ya nguzo za mbao zilizozamishwa kabisa katika tope la bahari. Katika hali ya kwanza hapakuwa na maji. Katika ya pili hakuna hewa ya kutosha. Kuvu, ambao ndio waozeshaji wakuu wa mbao, huhitaji vyote viwili, maji na oksijeni, pamoja na joto la wastani. Sasa mwanafunzi na aende akaitazame nguzo ya uzio wa shule yake. Ataona kwamba kichwa chake ni kizima, na sehemu iliyo chini sana ardhini mara nyingi ni nzima pia. Inapokatikia ni pale pale usawa wa udongo, ambapo unyevu na hewa hukutana.

Maji hukaa ndani ya ubao kwa namna mbili. Ubao ni mkusanyiko wa seli nyembamba ndefu, mithili ya mirija iliyofungwa pamoja. Mti ukiwa mbichi, maji hujaza nafasi za mirija hiyo, na maji mengine yameshikamana na kuta za seli zenyewe. Ubao unapoanza kukauka, yale ya nafasini hutoka kwanza, na ubao haubadiliki umbo. Yakiisha hayo, unyevu huwa umebaki kama asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu. Tangu hapo maji ya kuta za seli huanza kutoka, na ndipo ubao hunywea, hupinda na kupasuka. Hunywea kidogo mno kwa urefu wake. Lakini kwa upana, ukifuata duara za miaka ya mti, hunywea karibu mara mbili zaidi kuliko kutoka kiini kwenda gome. Ubao wa msindano wenye upana wa sentimeta 20, ukipigiliwa ukiwa mbichi, waweza kupungua milimeta 7 hivi kabla haujafikia asilimia 15. Zidisha kwa idadi ya mbao za ukuta mmoja, utajua ni kwa nini vibanda vingi vya milimani hupitisha upepo kama tenga.

Kuvu waozeshao hawastawi katika ubao wenye unyevu ulio chini ya asilimia 20. Katika hewa ya kawaida isiyo na mvua wala umande, ubao hukaa kati ya asilimia 12 na 18, ukipanda na kushuka kufuatana na majira. Maana yake ni kwamba ubao unaoloa na kukauka upesi hauna hofu. Unaoharibika ni ule unaoloa na kushindwa kukauka.

Mwalimu wa sayansi aweza kulipima jambo hili bila vifaa vya gharama. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si mwishoni mwake, ukipime mara moja kwenye mizani. Kiweke katika tanuri yenye joto la nyuzi 103 na ukipime kila baada ya saa chache hadi uzito usibadilike tena. Ikiwa kilikuwa gramu 260 na sasa ni 200, maji yaliyotoka ni gramu 60, nayo ni asilimia 30 ya gramu 200. Wanafunzi hushangaa wanapopata kwamba ubao mbichi waweza kuwa na unyevu unaozidi asilimia 100. Si kosa, kwa kuwa tunalinganisha na uzito mkavu. Jaribio jingine ni rahisi zaidi: dondosha tone la wino kwenye uso wa ubao na jingine kwenye kichwa chake palipokatwa. La kichwani hunywewa upesi, kwa sababu mirija iko wazi. Kila mahali katika nyumba ambapo kichwa cha ubao kinatazama juu, au kimeegemea kitu chenye maji, ndipo uozo utakapoanzia.

Watu wa Norway walijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Makanisa yao ya kwanza ya mbao yalikuwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini, na hayakudumu. Baadaye mafundi wakaziinua nguzo na kuzisimamisha juu ya maboriti mazito yaliyolazwa juu ya mawe. Kanisa la Urnes, lililojengwa kwa namna hiyo katika karne ya 12, lingali limesimama katika nchi yenye mvua na theluji nyingi. Kwetu sisi uhusiano na nchi hiyo hauko mbali. Vibanda vya mbao vya Mandara, kwenye meta 2,720, na Horombo, kwenye meta 3,720, ambavyo kila apandaye Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huvifahamu, vilijengwa kwa msaada wa Norway. Umbo lake ni la pembetatu, paa likishuka karibu na ardhi kana kwamba nyumba nzima ni paa. Wengine huliona kuwa ni pambo la Kizungu. Kumbe ni hesabu: ukuta ambao haupo hauwezi kuloa. Kasoro yake ni kwamba nafasi nyingi ya ndani hupotea pembeni, ambako mtu hawezi kusimama. Kwa kibanda cha Lushoto, kisicho na theluji, ukuta wima wenye upenu mpana wafaa zaidi.

Tuanze na chini. Kosa la kawaida ni kuuchimba mteremko ili kupata kiwanja bapa. Udongo uliokatwa hupoteza egemeo lake, na masika yakifika, ukingo wa juu huporomoka juu ya nyumba, na udongo uliomwagwa chini huishia mtoni. Nguzo fupi hazihitaji kiwanja bapa: za upande wa juu zikiwa na kimo cha sentimeta 50 na za upande wa chini meta 2, sakafu itakuwa sawa na mlima utabaki kama ulivyo. Maji ya mvua yatapita chini yake, na hewa itaikausha sakafu kutoka chini. Kimo hicho cha sentimeta 50 kina sababu nyingine pia. Matone yaangukayo kutoka paani hurusha tope juu karibu sentimeta 30, na ukuta ulio chini ya mpaka huo hauna siku ya kukauka wakati wa mvua.

Nguzo zisimame juu ya msingi wa mawe au zege, zikishikwa na chuma kilichozamishwa katika zege hilo. Zisimwagiwe zege kuzizunguka. Wengi hudhani kwamba zege huilinda nguzo, lakini nguzo hunywea kidogo, zege halinyweyi, na katika ufa unaobaki maji hutuama kama katika kikombe. Kati ya msingi na nguzo kiwekwe kipande cha bati kilichokunjwa kingo zake kuelekea chini. Mchwa watokao ardhini hujenga vijia vya udongo ili wasikauke njiani. Bati haliwazuii kabisa, ila huwalazimisha kujenga kijia chao nje, mahali pa kuonekana, naye mwenye nyumba atakibomoa. Faida kubwa ya nyumba iliyoinuliwa ni hiyo: adui haji kwa siri.

Mbao za ukuta zisimamishwe wima, ili maji yafuate mirija kushuka chini, na ncha zake za chini zikatwe kwa mshazari ili tone lidondoke nje. Kila ubao upigwe misumari katikati tu, na ufa ulio kati ya mbao mbili ufunikwe kwa ubao mwembamba ambao msumari wake unapita katika ufa huo bila kuzitoboa mbao. Hivyo kila kimoja hunywea na kutanuka kwa uhuru wake, na ukuta haupasuki.

Paa ndilo mlinzi mkuu, na hapa jua nalo linadai sehemu yake. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Tarehe 21 Juni, wakati wa kipupwe, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, likiwa limeinuka nyuzi 62 kutoka upeo wa macho. Mwezi Desemba huwa kusini, kwa nyuzi 71. Mtu wa Dar es Salaam angetaka kulikimbia jua lote. Mtu wa Lushoto hulitafuta la Juni na kulikwepa la Desemba. Bahati njema ni kwamba hayo mawili hayaji upande mmoja. Kibanda kikiwekwa kwa urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi, na madirisha makubwa yakatazama kaskazini, kitapata joto majira ya baridi, na mwezi Desemba ukuta huo utakuwa kivulini wenyewe.

Kwa tarehe hiyo ya Juni, upenu wa meta 1 hutia kivuli cha meta 1.86 ukutani saa sita mchana, yaani hulifunika karibu dirisha lote. Upenu wa sentimeta 60 hutia kivuli cha meta 1.12 tu. Kwa ajili ya mvua tungependa upenu mpana. Kwa ajili ya jua, mfupi. Suluhisho limo katika mwelekeo wa mvua. Mvua nyingi za Usambara huletwa na pepo zitokazo Bahari ya Hindi, upande wa mashariki na kusini-mashariki. Basi upenu uwe meta 1 pande zote isipokuwa kaskazini, ambako sentimeta 60 zatosha, na dirisha la upande huo lishushwe hadi nusu meta juu ya sakafu.

Jua hilo lina thamani kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu ya moto. Kibanda cha wageni mlimani hujengewa meko sebuleni, na mgeni hupenda kuota moto. Tukikadiria kilo 10 za kuni kwa usiku mmoja, na nyusiku 200 kwa mwaka, ni kilo 2,000. Mbao za kibanda kizima, kama tulivyokwisha kuona, ni kilo 1,800. Meko hayo yanakula nyumba nzima kila mwaka, na kama kuni zinaokotwa au kukatwa katika msitu wa asili, sifa zote za mbao za shamba zimekwisha. Kwa maoni ya mwandishi huyu, meko ya wazi yasijengwe kabisa. Mbao zenyewe hupitisha joto kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya zege. Kinachotoa joto usiku ni bati lisilo na dari na nyufa za ukuta. Dari ya mbao iwekwe, na juu yake, chini ya bati, iachwe nafasi yenye matundu ya hewa yaliyozibwa kwa wavu. Bila matundu hayo, mvuke wa pumzi za wageni hugeuka maji chini ya bati baridi, na kenchi huoza ijapokuwa paa halivuji.

Paa hilo hilo huleta maji. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Pamoja na upenu wake, paa letu lina eneo la meta za mraba 45. Mvua ya milimeta 1,000 kwa mwaka itatoa lita 45,000, na tukitoa sehemu moja ya tano kwa yanayopotea, zabaki lita 36,000. Watu wawili wanaotumia lita 40 kila mmoja kwa siku huhitaji lita 29,200 kwa mwaka. Yanatosha, ilimradi liwepo simtanki la lita 10,000 la kuvuka kiangazi kati ya masika na vuli. Michirizi ya paa, ambayo mafundi huiita gata, isafishwe majani kabla ya mvua za kwanza. Gata lililoziba ni baya kuliko kutokuwa na gata, kwa kuwa hurudisha maji ukutani. Choo kiwe kikavu, cha kufunika kwa majivu na maranda, badala ya shimo refu juu ya chemchemi ambayo kijiji cha bonde kinaichota.

Labakia suala la dawa. Mbao nyingi zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani, zimepenyezwa mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki. Dawa hiyo ni kali na huzuia uozo kwa miaka mingi, lakini aseniki ni sumu, na wenye viwanda wa Marekani waliacha kuitumia kwa mbao za nyumba za kuishi mwishoni mwa mwaka 2003. Ikibidi kuitumia, iwe kwa nguzo za chini tu. Na mabaki yake yasichomwe wala kupikiwa kamwe, kwa maana aseniki hubaki katika majivu na moshi. Kwa kuta na kenchi, mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki huwazuia wadudu na kuvu kwa hatari ndogo zaidi kwa binadamu. Huyeyuka katika maji na kuoshwa na mvua. Kwa hiyo hufaa palipo chini ya paa zuri.

Kila mwaka baada ya masika, mwenye kibanda achukue kisu na kuingia chini ya sakafu. Achome ncha yake miguuni mwa kila nguzo, kwenye vichwa vya maboriti, na chini ya kila dirisha. Ubao mzima hukikataa kisu, na ukibanduliwa hutoa vibanzi virefu. Uliooza hukipokea kwa urahisi na kukatika vipande vifupi bila sauti. Kwa sababu hiyo nguzo zikazwe kwa bolti badala ya misumari, ili moja ikishindwa itolewe peke yake, jeki ikiwa imeshika sakafu, na nyingine iwekwe mahali pake siku hiyo hiyo.